Mwezi wa kwanza wa kujitolea kijijini: mwongozo kwa anayekwenda upande wa Kano

Nilishuka Ahero, mji mdogo wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu, Kenya, saa tisa alasiri nikiwa na begi moja na katoni mbili za vitabu nilizotoka nazo Nakuru. Mwendeshaji bodaboda alizifunga katoni nyuma kwa mpira, mimi nikakaa katikati, tukashika njia ya vumbi inayopita kando ya mashamba ya mpunga. Nilikaa huko karibu miaka miwili, asubuhi nikisaidia shule ya msingi, alasiri zahanati. Siku hizi kila baada ya miezi michache hunipigia simu mtu anayetaka kwenda. Kuna aliyemaliza chuo na anangoja ajira, kuna aliyestaafu ualimu, kuna anayetumwa na kanisa lake. Wote huuliza swali lile lile: nikifika, nianzie wapi? Jibu langu ni refu, kwa hiyo nimeliandika.

Kabla ya safari, mjue anayekungoja

Usiondoke nyumbani kabla hujamjua mtu mmoja wa kijiji hicho aliyekubali kukupokea. Simaanishi afisa wa shirika aliyeko mjini Kisumu. Namaanisha muuguzi anayesimamia zahanati, mwalimu mkuu, au mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mtu ambaye ukishikwa na homa usiku utagonga mlango wake. Mpigie simu mzungumze mara mbili tatu. Muulize ni kazi gani inayowalemea sasa hivi, nani anaifanya, na wewe utalala wapi. Akikujibu, "Kazi yoyote tu, karibu," shukuru, lakini jua kwamba hujapata kazi bado. Mpe wiki moja kisha umuulize tena.

Mimi sikuuliza. Nilichangisha vitabu vya hadithi kwa marafiki Nakuru, nikavibeba nikiamini shule ya kijijini haiwezi kukosa haja ya vitabu. Shule ilivipokea kwa shangwe, ikavipanga chini kwenye kona ya ofisi kwa sababu kabati lilikuwa moja na limejaa rejista. Mvua za Machi zilipoanza, mchwa walipanda kutoka sakafuni. Nilipofungua katoni ya pili, kurasa zilikuwa zimegeuka udongo. Mwalimu wa darasa la nne aliniambia kwa upole kwamba vitabu vya serikali walikuwa navyo. Walichokosa ni mtu wa kukaa na watoto saa ya chakula cha mchana awasikilize wakisoma kwa sauti, mmoja mmoja, kwa sababu darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya hadi mwisho. Ningeweza kuijua kwa simu moja.

Baada ya hapo, shughulikia karatasi. Beba kitambulisho, barua ya kukutambulisha kutoka kwa shirika au kanisa linalokutuma, na cheti cha maadili mema cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwa yeyote atakayekuwa karibu na watoto, cheti hiki usikione kama usumbufu. Ukikitanguliza kabla hujaulizwa, mwalimu mkuu anakuamini siku ile ile. Jisajili pia na SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147# kama hujafanya hivyo. Rafiki anayetoka ng'ambo anahitaji kibali halali hata kama halipwi senti, kwa hiyo aulize Idara ya Uhamiaji mapema.

Beba hela zako za kukutosha miezi mitatu. Utachangia chakula unapokaa, utalipa bodaboda, utanunua bando na sabuni. Anayefika mikono mitupu humgeukia mwenyeji, na mwenyeji hatasema hapana hata kama anakopa unga dukani ili wewe ule.

Chagua majira

Kutoka Nakuru unapanda matatu ya Kisumu, unapita Mau Summit na Kericho, baridi ya majani chai inakuacha kidogo kidogo, na ukifika Awasi tayari umevua sweta. Mwambie dereva mapema kwamba unashuka Ahero.

Mvua ndefu ni kuanzia Machi hadi Mei, za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Uwanda wa Kano ni tambarare na udongo wake ni mweusi, unanata kama gundi, na Mto Nyando ukivunja kingo maji huingia majumbani. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 familia nyingi za huko zilihamia shuleni na makanisani. Mtu anayefika mara ya kwanza majira hayo huwakuta watu wakiokoa magodoro na mbuzi, na hana cha kuwasaidia kwa sababu hajui hata njia ipi bado inapitika. Fika Januari au Februari. Shule zinafungua muhula wa kwanza, barabara ni kavu, nawe utakuwa na wiki kadhaa za kujua nyumba na vichochoro kabla ya matope.

Mizigo isizidi begi moja. Gambuti, koti la mvua, tochi, chandarua chenye dawa, kandambili, madaftari mawili na kalamu. Mengine yote yanapatikana soko la Ahero.

Piga hodi kwa ngazi zote

Siku ya kwanza au ya pili, mwombe mwenyeji akupeleke kwa mzee wa kijiji, kisha kwa naibu wa chifu. Usiende peke yako, wala usianze kwa chifu ukamruka mzee wa kijiji kwa kudhani cheo chake ni kidogo. Yeye ndiye atakayeulizwa "yule mgeni ni wa nani?" watu watakapoanza kukuona njiani. Upande wa Vihiga na Kakamega mzee huyu huitwa liguru, na taratibu ni zile zile.

Baraza likiitishwa utaombwa usimame useme neno. Sema kwa ufupi jina lako, nyumbani kwenu ni wapi, umefikia boma la nani, utakaa hadi mwezi gani, na utafanya kazi chini ya nani. Kisha sema wazi kile ambacho hukuja nacho. Mimi nilifundishwa na muuguzi maneno haya, nami nayapitisha kwako: "Sikuja na mradi wala mfadhili. Nimekuja na mikono miwili." Watu walicheka vizuri, na mzee mmoja akajibu kwamba mikono nayo hula. Lakini walikuwa wamesikia.

Jifunze salamu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa Kijaluo, lugha ya huko, asubuhi ni *oyawore*, jioni ni *oimore*, shukrani ni *erokamano*. Ukivuka kwenda kwa Waluhya, *mulembe* itakufungulia milango mingi. Kiswahili chako cha Nakuru kitakufikisha sokoni, shuleni na ofisini kwa chifu, lakini hakitakufikisha jikoni kwa bibi wa miaka themanini. Kwa mambo ya ugonjwa au ya nyumbani tafuta mtu mzima akutafsirie. Usimtumie mtoto kumuuliza mama yake habari za mimba.

Boma lina mpangilio wake

Kijana wa kiume huenda akapewa simba, ile nyumba ndogo ya mtoto wa kiume karibu na lango. Binti atapewa nafasi kwa bibi au pamoja na wasichana wa nyumba. Usihoji mpangilio huo wala usiombe kubadilishiwa ili ukae karibu na stima. Ukitoka, aga na useme unakoenda. Ukichelewa kurudi, piga simu. Mama wa boma nililokaa alikuwa halali mpaka asikie lango likifungwa, na nilichukua wiki mbili kutambua kwamba taa iliyokuwa ikiwaka jikoni usiku ilikuwa ikinisubiri mimi.

Wakati wa chakula, mdogo ndiye humwagia mkubwa maji ya kunawa. Hata kama wewe ni mgeni, ukiona mzee ananyoosha mikono juu ya karai, shika jagi. Omena, dagaa wa ziwani, utazila kwa ugali wa mtama au wa mahindi, mboga chungu za osuga, na siku nzuri samaki wa ngege (tilapia) mzima kwenye sahani moja. Ukiitwa chai katika nyumba tano kwa siku moja, onja zote tano.

Suala la pesa, na hapa nenda polepole

Wengi huvunjika moyo hapa. Wiki ya kwanza haijaisha utaulizwa umewaletea nini. Atauliza mzee, atauliza kijana wa bodaboda, atauliza mama mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Usiwaone kuwa ni watu wa kuombaomba. Kwa miaka mingi wamepita watu wenye magari na fulana zenye nembo, wakaitisha vikao, wakagawa nauli na soda, wakapiga picha, wakaondoka. Katika kijiji nilichokuwa, kilikuwapo kisima cha pampu ya mkono kilichochimbwa na shirika fulani. Mpira mmoja wa ndani ulipochakaa, pampu ilinyamaza, na hakuna aliyekuwa ameachiwa vipuri wala kuonyeshwa namna ya kuifungua. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kukuuliza umeleta nini na utaondoka lini.

Kwa hiyo jibu kila mara kwa maneno yale yale uliyosema barazani. Jibu likibadilika kutoka mtu hadi mtu, utaonekana unaficha. Usimpe mtu mmoja hela kisirisiri hata kama moyo unakuuma, maana kesho watakuja kumi, na yule wa kwanza atatazamwa vibaya na majirani. Kama kuna shida kubwa, ipeleke kwa mwenyeji au mzee wa kijiji, na kama kuna mchango, toa kama wengine.

Matanga nayo yana mchango. Jirani akifiwa, enda. Usiku watu huketi nje hadi asubuhi, kuna daftari, na mwandishi husoma majina kwa sauti. Muulize mwenyeji majirani wanatoa kiasi gani, nawe utoe hicho hicho. Ukitoa mara tano zaidi, umewaaibisha wenye nyumba, na umejitangaza kuwa mfadhili baada ya kusema wewe si mfadhili. Msaada mkubwa utakaoweza kutoa huko ni kuteka maji na kuosha sufuria pamoja na vijana.

Akina mama wengi wamo kwenye nyoluoro, mzunguko wa kuchangiana ambapo kila wiki au kila mwezi mmoja hupokea hela zote. Wakikualika baada ya miezi kadhaa, ingia ukiweza kulipa bila kukosa hata wiki moja. Wakikuomba uwe mweka hazina kwa sababu umesoma, kataa kwa heshima. Kikundi kilichokuwa kikijihesabia hela zake kwenye kopo na daftari la kurasa 96 kabla hujaja hakipaswi kujifunza kukutegemea wewe.

Mwezi mzima mfuate anayeifanya kazi

Ukiwa upande wa afya, omba kutembea na mhudumu wa afya ya jamii. Wengi wao walijitolea miaka mingi bila malipo. Mwaka 2023 walitambuliwa kisheria na kupewa vifaa na simu za kazi. Kila mmoja hutembelea takriban nyumba 100. Kwa hiyo unapofika kijijini ukijiita mtu wa kujitolea, kumbuka unasema hivyo mbele ya mtu aliyeanza kazi hiyo ukiwa bado shule.

Nilimfuata mmoja wao wiki nne, nikibeba mkoba tu. Siku moja tulifika boma moja ambapo mama alikuwa akianika mpunga kwenye turubai, mtoto wa mwaka na nusu ameketi kando. Mhudumu hakutoa kifaa chochote. Aliuliza habari za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, akachota mpunga kiganjani akauuma punje moja kuona kama umekauka, akamsifu mama kwa kuugeuza vizuri. Ndipo akamchukua mtoto mapajani, akazungusha utepe kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, akauvuta taratibu hadi ukagusa ngozi bila kubana. Utepe huo una rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, juu ya hapo ni kijani. Niliona njano, nikafungua kinywa. Yeye aliukunja utepe akaurudisha mfukoni. Majirani wawili walikuwa wamekuja kusalimia. Tulipoaga, alimwomba yule mama amsindikize hadi langoni, na pale, wakiwa wawili, ndipo alipomwambia afike zahanati kesho asubuhi. Alikuja. Ningesema mimi mbele ya majirani, sidhani angekuja.

Andika unayoyaona kwenye daftari kila jioni. Andika na maswali. Lakini mapendekezo yaache hadi mwezi uishe, kwa sababu mengi ya yale utakayoyaona kama makosa wiki ya kwanza, wiki ya nne utajua sababu yake.

Onyo moja kwa mtakaokaa zahanati: mtaitwa daktari. Kila anayeonekana ndani ya ule uzio ni daktari. Kataa kila mara. "Mimi si daktari, mama, mimi naandika rejista tu." Usimpe mtu dawa, usimchome sindano hata kama foleni imefika barabarani na muuguzi ni mmoja.

Kalenda ya kijiji

Mkutano wangu wa kwanza na wazazi niliuitisha Ijumaa asubuhi. Walikuja wazee wawili na mbwa wao. Wengine walikuwa shambani, na waliobaki walikwenda kupokea maiti kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi. Kabla hujataja tarehe yoyote, uliza siku ya soko ni ipi, nani amefiwa, na mpunga uko hatua gani. Wasabato hawapatikani Jumamosi, wengine hawapatikani Jumapili. Asubuhi hadi saa nne ni ya shamba. Alasiri, kuanzia saa nane, siku isiyo ya soko, ndiyo utawapata watu wametulia.

Afya yako

Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Mtu aliyekulia Nakuru, kwenye baridi, mwili wake haujaizoea kama wa wenyeji, kwa hiyo usijilinganishe nao. Lala ndani ya chandarua kila usiku na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Ukisikia homa au viungo kuuma, pimwa siku hiyo hiyo. Ukipewa AL, vidonge vya malaria, maliza dozi zote sita kwa siku tatu hata kama kesho yake umeamka mzima.

Maji ya ziwa, ya mifereji na ya mashamba ya mpunga yana kichocho. Usitembee ndani yake miguu mitupu. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini.

Wiki ya tatu huwa ngumu. Upya umeisha, lugha bado, na usiku ni mrefu. Nililia wiki hiyo, na karibu kila niliyezungumza naye amekiri hivyo. Usifanye uamuzi wa kurudi nyumbani ukiwa ndani ya wiki hiyo. Omba ruhusa, panda matatu hadi Kisumu, kaa kando ya ziwa, kula samaki, mpigie mama yako, lala mjini usiku mmoja, urudi.

Watoto na picha

Usikae na mtoto peke yako nyuma ya mlango uliofungwa, hata kwa nia njema. Kaa kibarazani, chini ya mti, mahali watu wanapita. Usichapishe picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi aliyeelewa picha itakwenda wapi. Sheria ya kulinda data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinamlinda mtoto huyo, na mtoto aliyekonda, au aliye uchi, usimpige picha kabisa. Ukiona dalili za dhuluma, mwambie mwalimu mkuu au naibu wa chifu, na nambari 116 hupokea simu za kuwasaidia watoto bila malipo. Kwa dhuluma za kijinsia ni 1195.

Anza kuondoka mapema

Ile tarehe uliyoitaja barazani siku ya kwanza, ikumbushe kila muhula. Kazi yoyote utakayoianzisha, tafuta mwenyeji wa kuifanya pamoja nawe tangu mwanzo, halafu miezi miwili ya mwisho yeye aifanye, wewe utazame.

Baada ya ile hasara ya mchwa, wazazi walichanga, fundi wa kijiji akatengeneza kabati la mbao, na miguu yake minne akaisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu ili mchwa wasipande. Vitabu vilivyopona vikaingia humo pamoja na daftari la wasomaji. Wiki sita kabla ya kuondoka nilimkabidhi mama mmoja wa kamati ya wazazi daftari na ufunguo. Saa ya chakula cha mchana nilikaa dawati la nyuma, yeye akakaa kwenye kiti changu, akaita wa kwanza. Alikosea jina. Watoto wakamsahihisha wote kwa pamoja, akalirudia sawasawa, na yule mtoto akaanza kusoma.